TAHADHARI: Muuza mitutu ya bunduki ya "kufunga tu" anazunguka Pwani

Assalaam alaykum wenzangu, na hamjambo nyote mnaolenga shabaha, wa Malindi, Kilifi, Mombasa na bara.

Jambo hili nimelikalia wiki tatu kwa haya, maana mimi ndiye mwenye kuwaambia vijana kila siku, "usinunue kitu usichokiona ndani." Sasa nimeliwa shilingi 95,000 na mtu aliyenipigia simu akaniita ami, akaniulizia wanangu, akaapa wallahi mara tatu katika sauti moja ya WhatsApp. Jina lake silitaji hapa kwa sababu kesi iko polisi. Nitawaeleza mchezo wenyewe mumtambue.

Wanaonijua wanajua bunduki yangu: ya risasi za kipimo cha .308, ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya risasi), ya kulengea shabaha, ninayo kwa cheti miaka mingi. Mtutu wake ulikuwa umechoka. Hilo si ajabu, mtutu ni kama tairi, unaisha. Wa .308 ukiutunza hukupa risasi 3,000 hadi 5,000 kabla shabaha hazijaanza kutawanyika, na hewa ya chumvi ya hapa kwetu haikusubirishi hata hizo. Ukirudi Kaskazi inavuma, ukaacha bunduki usiku mmoja bila mafuta, asubuhi unakuta madoa mekundu. Kwa hiyo nia yangu ilikuwa kubaki na akshini yangu (kiini cha bunduki ambamo bolti huteleza na mtutu hufungwa), kitako changu na darubini yangu, nibadilishe mtutu tu. Hesabu hiyo ni ya busara, bado naisimamia. Akshini nzuri huzika mitutu mingi.

Nikaona tangazo kwenye kikundi: mtutu wa kuchongeshewa, chuma kisichoshika kutu, inchi 30, umepitisha risasi 900 tu, pamoja na bolti yake na kitako kilichokwisha kumiminiwa gundi ya kukalia akshini. "Ami, hii ni ya kufunga tu. Unafunga, unapiga." Bei ilikuwa kama theluthi moja ya kuagiza vipya na kulipa fundi. Na picha ya shabaha: matundu matano yamegusana, yote yanafunikwa na sarafu ya shilingi kumi, pembeni kikombe cha kahawa chenye ukingo wa buluu. Kikombe hicho mkikumbuke.

Rahisi huvunja upishi, na mimi upishi wangu ulivunjika hapo hapo kwenye maneno "kufunga tu".

Mwenye kujua bunduki hasemi hivyo. Mtutu uliochongewa akshini moja haukai kwenye akshini nyingine kwa sababu tu nyuzi zake za skrubu zimeingia. Ni kama kung'oa ubao wa mlango wa nakshi katika nyumba moja ya mji wa kale ukautie kwenye fremu ya nyumba nyingine: bawaba zitaingia, lakini mlango hautafunga sawa. Kinachoamua ni nafasi iliyobaki kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapoegemea ndani ya chemba, kile kijumba cha risasi nyuma ya mtutu. Fundi huipima kwa geji mbili. Ya kwanza bolti lazima ifungike juu yake, ya pili lazima ikatae. Kwa .308 tofauti ya geji hizo mbili ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka, linaweza kukatika, na moshi unarudi usoni mwako. Na si moshi wa jiko. Kiwango cha juu cha presha ya .308 ni psi 62,000. Tairi la Probox lina 30 na kitu. Pigeni hesabu wenyewe.

Bolti aliyoniuzia haikuwa hata ya akshini moja na mtutu ule. Namba zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa msasa, naye aliniambia "ni mikwaruzo ya matumizi." Wenzangu, bolti ya bunduki moja haichukuliwi ikatiwa kwenye nyingine bila kupimwa upya, hata kama ni za kampuni moja na zinateleza vizuri mkononi. Mimi hili nalijua. Nalijua! Na bado nikatuma pesa.

Nilivyozituma ndiyo sehemu inayoniuma. Alitaka 40,000 kwanza kwa M-Pesa "kukushikia, ami, maana kuna Mzungu wa Watamu anautaka." Nikatuma. Kisha akasema atautia mtutu ndani ya mkoba wa fimbo za kuvulia samaki na kuupakia kwenye basi la usiku. Hapo nikakataa, alhamdulillahi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kipande cha bunduki kuwa silaha pia. Mtutu mtupu ndani ya mkoba wa kuvulia, kwenye kizuizi cha barabarani, nani atakuamini kwamba wewe ni mlengaji shabaha mwenye cheti? Muuzaji akikupendekezea njia hiyo, mazungumzo yaishie hapo, usingoje kuona bei. Mimi nilimwambia tupitie kwa muuza silaha mwenye leseni, akakubali shingo upande, nami nikajiona nimeshinda. Nilikuwa nimeshinda nusu tu, maana pale dukani Mombasa niliukagua mtutu kwa macho. Nje unang'aa. Mdomo safi. Nikamalizia 55,000, karatasi zikaandikwa sawasawa, nikarudi Malindi nikila korosho njia nzima kama bwana harusi.

Fundi wangu, mwenye leseni, yuko Nairobi. Aliingiza kamera ndogo ndani ya mtutu akaniita nitazame kioo. Mnayajua mashamba ya chumvi ya Gongoni, maji yakikauka tope linavyopasuka vipande vipande? Basi ndivyo koo la mtutu lilivyokuwa, pale tu mbele ya chemba ambapo moto hupiga kwanza. Mistari ya msokoto, ile inayoizungusha risasi, mwanzoni mwake ilikuwa imelika kabisa. Risasi 900 hazifanyi vile kwenye .308. Akachukua ufito wa kusafishia, akaupima urefu: inchi 28 na nusu, si 30. Maana yake mtutu ule ulishachoka mara moja, ukakatwa nyuma, ukachongwa chemba upya, ukatumika tena mpaka ukachoka mara ya pili. Kukata na kuchonga upya si dhambi, mafundi hufanya, na mtutu hupata maisha mengine. Dhambi ni kuuficha ukauita mchanga.

Nikamuuliza fundi kama unaweza kukatwa mara ya tatu. Akacheka tu.

Kitako nacho, ile gundi ilimiminwa kufuata umbo la akshini nyingine. Yangu ilikaa ikichezacheza kama meza ya hoteli. Kinaweza kukwanguliwa na kumiminwa upya, lakini gharama hiyo muuzaji hakuitaja. Kifyatuo chake alichonipa "zawadi" kilikuwa kimelegezwa mno hata ukiifunga bolti kwa nguvu kinaachia chenyewe. Zawadi hiyo nimeiacha kwa fundi.

Nilipoiweka picha ya shabaha kwenye kikundi chetu kidogo cha Pwani, wenzetu wawili wakajibu usiku ule ule. Mmoja wa Kilifi, mmoja wa Mombasa. Wote waliuziwa mitutu kwa picha hiyo hiyo, kikombe hicho hicho cha kahawa, na wa Kilifi aliambiwa ni shabaha ya mita 300, mimi niliambiwa 100. Nilipompigia muuzaji, mara ya kwanza akasema fundi wangu ana wivu. Mara ya pili akasema niliuharibu mimi. Baada ya hapo tiki moja mpaka leo.

Sasa, mnaotaka kuunda upya bunduki zenu kwa vipande vilivyotumika, sisemi msinunue. Mimi mwenyewe nitanunua tena nikipata cha kweli. Lakini pesa yote ikae kwako, au kwa muuza silaha mwenye leseni, mpaka fundi wako, si fundi wa muuzaji, autazame mtutu kwa kamera na geji. Muulize muuzaji moja kwa moja: huu mtutu umewahi kukatwa na kuchongwa chemba upya? Ulikuwa kwenye akshini gani? Nani aliufunga? Mwenye mtutu wa kweli atakuchosha kwa majibu, maana watu wa mchezo huu wana madaftari ya kila risasi. Huyu wangu nilipomwomba daftari alinitumia tena sauti ya kuapa. Na urefu upime mwenyewe. Mtutu ukiwa umefungwa, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba bunduki haina kitu, funga bolti, shusha ufito kutoka mdomoni mpaka uguse uso wa bolti, tia alama, pima. Dakika mbili. Ningezitumia dakika hizo Mombasa ningerudi na 55,000 zangu mfukoni, na kesi ya 40,000 tu.

Waliouziwa na mtu huyu, nitumieni ujumbe faragha pamoja na risiti za M-Pesa na karatasi za dukani. Afisa anayeshughulikia faili ameniambia malalamiko matatu yana uzito kuliko moja.

Jana baada ya Isha, niko barazani Shela, kijana mmoja akanionyesha tangazo jipya kwenye simu yake. Namba nyingine, jina jingine. Matundu matano, sarafu ya shilingi kumi, kikombe chenye ukingo wa buluu. Mtutu sasa umepitisha risasi 600 na bei imepanda elfu kumi.