Bunduki yangu ya 1885 imerudi inang'aa kama sufuria ya dukani

Naanza na mbao, maana nikianza na chuma sitaandika kwa adabu.

Kitako cha bunduki yangu ya Winchester, modeli ya 1885, nilichowapelekea mafundi wa karakana ya kurejesha bunduki za kale kilikuwa na bonde upande wa kulia, na ufa mwembamba nyuma ya ulimi wa chuma unaoingia kwenye mbao. Kimerudi kizuri sana. Bonde wamelipandisha kwa mvuke, yaani kitambaa kibichi na ncha ya pasi ya moto, wakarudia mpaka nyuzi za mbao zikavimba zenyewe. Hawakuukwangua mti wote kwa msasa mpaka ulingane na bonde, kama wafanyavyo wavivu. Ndiyo maana mbao bado imepanda juu ya chuma kidogo tu, unene wa ukucha, vile kiwanda cha Winchester cha New Haven, Marekani, kilivyokuwa kikiziacha. Mafuta meusi ya zamani ndani ya ufa yametolewa kwa asetoni kabla ya gundi, bila hivyo gundi haishiki mti uliolewa mafuta. Juu yake mafuta ya kitani, mipako myembamba iliyopewa muda wa kukauka, haigandi mkononi. Aliyefanya kazi hiyo ni fundi. Nyota tano zake hizo hapo.

Sasa chuma.

Ndani ya boksi nilibandika maagizo manne kwa herufi kubwa. Mtutu ufunguliwe kwenye mwili wa bunduki, yaani chuma cha kati kinachobeba mitambo ya kufyatulia. Mwili usiguswe. Mtutu utiwe bluu ya kutu (rangi nyeusi inayojengwa polepole kwa kuotesha kutu na kuichemsha), si bluu ya tangi (ya kuzamisha chuma kwenye chumvi za moto). Msasa wa mkono tu, gurudumu la kung'arishia lisisogee karibu. Manne tu! Wameyavunja yote manne, na nadhani waliyavunja kwa saa moja.

Kosa mama ni gurudumu. Mtutu huu ni wa pembe nane. Uzuri wote wa mtutu wa pembe nane ni kona zake: bapa mbili zikutane kwa mstari mkali, mwanga ukatike hapo kama kisu. Gurudumu la kitambaa ni laini, likibanwa kwenye chuma linakumbatia kona na kuila kwanza. Kisha linazama kwenye kila tundu la skrubu na kuchimba mdomo wake uwe kama kisahani. Kisha linapita juu ya maandishi. Anwani ya kiwanda iliyokuwa inasomeka vizuri, pamoja na kutu yake, sasa imebaki kivuli. Herufi za katikati unazitafuta kwa kuinamisha mtutu dirishani. Umri wake ni zaidi ya miaka 120. Kutu ya miaka yote hiyo haikuweza kuzifuta, mtu na mota yake amezifuta kabla ya chakula cha mchana.

Ukitaka kuikagua kazi ya namna hii, chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ubavu juu ya bapa, tazama dhidi ya taa. Bapa sahihi haipitishi mwanga. Yangu inapitisha pande zote mbili; tumbo limepanda, kingo zimeteremka. Halafu pitisha ukucha kwenye mdomo wa tundu la skrubu: ukiteleza bila kukwama, gurudumu limepita hapo.

Nikapiga simu. Bwana wa mapokezi akanisikiliza nusu, akasema wateja wanapenda king'ae. Nikamwambia maagizo yalikuwa ndani ya boksi. Akajibu, "Karatasi zinapotea." Nikauliza kama fundi aliwahi kufanya mtutu wa pembe nane. Akacheka! Akasema bunduki ni bunduki, tena ya zamani, imekuja na kutu imeondoka haina, nalalamika nini. Lahaula. Kwenye matangazo yao wanajiita wataalamu wa kurejesha bunduki za kale za shabaha. Kurejesha ni kurudisha ilivyokuwa, na ilivyokuwa haikung'aa hivyo hata siku iliyotoka kiwandani.

Kazi yenyewe si siri. Bapa ya mtutu hunyooshwa kwa tupa laini ya meno ya upande mmoja, ishikwe kwa mikono miwili kukingama na mtutu, ivutwe kwa urefu kuelekea kwako. Tupa ipakwe chaki kwanza ili unga wa chuma usikwame kwenye meno. Ukikwama unachora mfereji utakaokugharimu saa mbili kuufuta. Kisha msasa uliofungwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, namba 180, 240, 320. Vidole vitupu chini ya msasa ni gurudumu jingine dogo. Kwa bluu ya kutu ishia 320, ukipenda 400. Chuma kikilainika kupita hapo dawa ya kuotesha kutu haipati pa kushika. Karibu na maandishi tupa isifike kabisa. Pakiwa na vishimo vya kutu kati ya herufi, viache. Kishimo hakimuumizi mtu.

Baada ya hapo chuma kisafishwe mafuta mpaka maji yatandae juu yake bila kujikunyata. Dawa ipakwe mpako mmoja mwembamba, usirudie ulipopita. Mtutu ukae kwenye sanduku lenye joto na unyevu saa kadhaa, uote kutu nyekundu laini kama vumbi la barabarani. Uchemshwe dakika 15 hivi kwenye maji yasiyo na madini, kama yale ya betri; ya bomba yanaacha madoa. Kutu nyekundu inageuka nyeusi machoni pako. Isugue kwa sufi ya chuma iliyooshwa mafuta, anza upya, mara 6 hadi 10. Ndani ya mtutu papakwe vanishi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni tone la mafuta lililojificha kwenye tundu la skrubu: maji yakichemka linatoka, linatambaa, linaacha doa la kijivu, unarudi kwenye msasa. Inachosha, ndiyo. Ndiyo maana nililipia bei ya kuchosha.

Niwe mwadilifu kidogo. Bluu ya tangi yenyewe si ubaya. Kostiki soda na naitreti kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, chuma kinatumbukizwa kwa dakika kadhaa, kinatoka cheusi na kinadumu. Kwa bunduki ya kisasa ningewapa nyota nne. Usawa wa rangi yao ni mzuri, sioni mabaka. Nilipofika hapa nilikuwa nimeshakubali nyota tatu kwa jumla: mbao tano, chuma moja, tugawane.

Nyota tatu zimefutika wiki chache baada ya boksi kufika.

Kwenye maungio ya mtutu na mwili kumeanza kutoka unga mweupe. Unaufuta kwa mafuta, baada ya siku mbili umerudi, safari hii na kutu ya kahawia pembeni. Hii ni chumvi ya tangi. Hawakuufungua mtutu, walitumbukiza vyote vikiwa vimeungana. Chumvi ikaingia kwenye hesi, mizunguko inayofungia mtutu mwilini, suuza yao haikufika, na sasa inavuta unyevu wa hewa na kula chuma kutokea ndani. Mafuta ya juu hayasaidii. Dawa ni kuufungua mtutu: mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, jiriwa yenye vibao na unga wa rosini ili usizunguke, spana inayokaa vizuri kwenye mwili, na alama ya chini inayoonyesha mtutu ulipokaa itazamwe irudi ilipokuwa. Kisha vyote vichemshwe kwenye maji safi, maji yabadilishwe, vichemshwe tena, vikaushwe kwa moto, vipakwe mafuta yanayofukuza maji. Ni kazi ileile waliyoikwepa, sasa inafanywa juu ya chuma kilichokwisha kuharibiwa.

Na mwili nao ulizama tangini. Mwili wa bunduki hii haukuwa wa bluu. Winchester waliendelea kuipa miili ya modeli hii rangi za mawingu mpaka 1901: chuma kinapikwa ndani ya mkaa wa mifupa na wa kuni, kinadondoshwa majini, kinatoka na kijivu, hudhurungi na samawati vilivyochanganyika. Zangu zilikuwa zimefifia, zimebaki kwenye kona zilizofichwa na mbao, lakini ndizo zilizokuwa zinasema kwamba hakuna aliyewahi kuigusa. Sasa ni nyeusi tii. Mnunuzi yeyote mwenye macho ataona mwili mweusi wenye namba ya kiwanda ya kabla ya 1901, ataweka chini, ataondoka.

Skrubu nilisema nisizitaje. Mbili zimetafunwa midomo, mtu ametumia bisibisi ya kabari kwenye mfereji mwembamba wenye kuta wima. Bisibisi iliyonolewa sambamba ni kitu cha dakika tano kwenye jiwe.

Nyota moja, na hiyo ni ya fundi mbao, ambaye hata jina hawakunipa nilipotaka kumshukuru. Mwenye kitako kilichopasuka awapelekee, nasema kweli, hatajuta. Akivue kwanza kwenye bunduki, apeleke mbao peke yake.