Fimbo, mkeka au hita? Nini cha kununua ili vifaa vya useremala visipate kutu besimenti

Theluji ikianza kuyeyuka, ujumbe unaonifikia ni ule ule. Randa imeota kutu. Meza ya msumeno imegeuka rangi ya chungwa. Patasi zilizonolewa mwezi wa pili zina madoa. Kaka mmoja wa Iowa, fundi seremala tangu Bukavu, ameniandikia kwa uchungu kwamba aliwasha hita majira yote ya baridi, bili ikamtoa jasho, halafu kutu ikaja Aprili alipoizima.

Pole kaka, ila wala sishangai. Januari hewa ya ndani huku kaskazini mwa Marekani huwa kavu hadi midomo inapasuka. Kutu inatutesa hasa baada ya hapo. Hewa ya nje ikishapata joto na unyevu inashuka besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na kukutana na chuma kizito ambacho bado kina baridi ya miezi mitatu, na umande unatua juu yake. Msumeno wa meza wa chuma cha kusubu hukaa na ubaridi saa nyingi baada ya hewa kubadilika. Sisi tuliokulia Tanga tunaijua kutu ya chumvi, lakini ile unaizuia kwa kupaka mafuta. Ili kuizuia hii ya huku, chuma kiwe na joto linalozidi kidogo lile la hewa inayokizunguka, nyuzi chache tu, mchana na usiku, hadi Septemba.

Hewa ya nyuzi 10 za Selsiasi ukiipasha hadi 20, asilimia yake ya unyevu inashuka karibu nusu. Kutu inaanza kwenda mbio unyevu ukipita asilimia 60 hivi. Kwa hiyo acha kupasha besimenti nzima. Tafuta kabati kuukuu, au piga sanduku la plaiwudi lenye mlango unaofunga vizuri, uweke kijoto, yaani kifaa kidogo cha umeme cha kupasha, chini, na rafu zake ziwe za fito zenye nafasi ili hewa ya moto ipande. Kazi ya Jumamosi moja.

Sasa ununue nini cha kuweka humo? Nyota za wanunuzi na miaka ya udhamini kasome mwenyewe. Mimi nina swali moja ambalo sijaona mtu analiuliza: plagi inatoka?

Msinicheke. Waya wa kijoto lazima upite kwenye ubao wa sanduku. Kama plagi imeumbwa pamoja na waya, basi tundu unalotoboa ni la kupitisha plagi nzima, inchi moja na zaidi. Hapo umeshafungulia unyevu mlango wake. Na panya wa huku wanapenda mno sehemu yenye joto. Dada mmoja wa Minneapolis alikuta kiota ndani ya droo ya misasa, kimetengenezwa kwa misasa yenyewe iliyotafunwa. Wengine wanakata waya, wanaupitisha, wanaunga na kufunga utepe mweusi. Kiungo cha utepe, ndani ya sanduku la mbao, kwenye chumba chenye vumbi la mbao, kinachopitisha umeme mwaka mzima bila mtu kukitazama! Hapana.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni GoldenRod, na sifichi kwamba naipendelea. Ni fimbo ya chuma yenye joto, inajulikana sana kwa makabati ya bunduki, na wamarekani wanaitumia hata kwenye mapiano. Plagi yake inakuja pembeni. Unatoboa tundu dogo kwa keekee, unapitisha waya bila plagi, kisha unaifunga plagi upande wa pili. Haina feni, haina kitu kinachozunguka, haina swichi ya kuharibika. Ya inchi 18 inakula wati 12. Ukiiacha iwake mwaka mzima ni uniti 105 hivi. Kwa senti 15 kwa uniti, haifiki dola 16. Ilaze chini kabisa ya sanduku, isisimamishwe pembeni, na usirundike vitambaa vya kufutia mafuta juu yake.

Fimbo nyingine zimejaa mtandaoni, kila moja na jina lake la herufi kubwa lisilosomeka, na nyingi ukitazama picha kwa makini ni fimbo moja iliyobandikwa lebo tofauti. Nyingine plagi haitoki. Nimemaliza.

Namba mbili ni mkeka wa kuoteshea miche, ule mweusi wa inchi 10 kwa 20, wati 20 hivi. Huu nausifu kwa kazi moja ambayo fimbo haiiwezi: msumeno wa meza. Msumeno hauingii kabatini. Tandika mkeka chini ya meza yake, karibu na chuma bila kuugandamiza, kisha funika msumeno wote kwa blanketi nzito la wahamisha mizigo hadi miguuni. Meza inabaki na uvuguvugu, ukiigusa asubuhi haikushtui. Hapa plagi isiyotoka si kosa kwa sababu hakuna tundu. Usiukunje tu, wala usiweke mbao juu yake, maana joto likikosa pa kutokea linarudi kuuchoma wenyewe.

Namba tatu ni balbu ya kizamani. Wazee walitumia ya wati 60 ndani ya kopo lililotobolewa. Tangu Agosti 2023 balbu nyingi za aina hiyo haziruhusiwi kuuzwa Marekani. Zile za oveni za wati 40 bado zipo. Zinapasha, lakini zinaungua, zinavunjika, na kioo chake ni cha moto kuliko vumbi la mbao linavyopaswa kuguswa nacho. Kama huna pesa kabisa, sawa.

Vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinajaa maji haraka na utavisahau. Oili chafu ya gari inazuia kutu lakini inatia doa kila ubao utakaoupiga randa. Mashine ya kukausha hewa ni nzuri Julai. Ya kawaida ukiiwasha kwenye baridi inajigandisha barafu.

Sasa hita za umeme, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kuna tangazo la kijihita cha kuchomeka ukutani, kidogo kama chaja, eti kinapasha nyumba nzima kwa dakika kumi na kupunguza bili. Ndugu zangu, hita ya umeme yenye wati 1500 inatoa joto la wati 1500, iwe ya dola 25 au ya dola 200 yenye mwali wa bandia na rimoti. Ile ndogo ya wati 400 inatoa joto la wati 400. Muuzaji hana wati za siri. Ya 1500 ukiiwasha saa nane kwa siku ni uniti 12, karibu dola 54 kwa mwezi, na ukiizima chuma kinapoa tena.

Ya gesi isiyo na bomba la moshi msiinunue hata kwa bei ya kutupa. Sumu ya moshi wake kwenye chumba kilichofungwa inaua, hilo mnalijua. Ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba propani, gesi ya mtungi, ikiungua inatoa maji: mtungi wa kilo 9 unamwaga hewani karibu lita 15 za maji kama mvuke. Umenunua hita, umeletewa robo tatu ya ndoo, yote inatafuta randa yako.

Mkienda kununua fimbo, linganisheni bei. Duka moja kubwa hapa kwetu linaiweka upande wa uwindaji kwa bei ambayo nilidhani ni ya bunduki yenyewe, na kijana wa kaunta akanisukumia ya inchi 36, wati 38, nilipomwambia nina sanduku la patasi. Kwa sanduku la patasi, fimbo ya inchi 12 inatosha, wati 8. Angalieni tu kwamba plagi imo ndani ya boksi kabla ya kulipa, kwa sababu ni kitu kidogo na kwenye maboksi yaliyorudishwa huwa ndicho kinachokosekana.