Saa ya marehemu baba na fundi aliyekataa kuipaka rangi

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kasha, lile gamba la chuma la saa, na nitaeleza.

Fundi huyu yuko nyuma ya Marikiti, Mombasa. Hana bango. Ana kabati la kioo, taa ya kukunja, redio isiyosikilizwa na mtu, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vipande vya saa. Jina silitaji, kaniomba mwenyewe: "Wakija wengi n'tawafanyia lini?" Ulizia mzee wa saa, utaonyeshwa.

Kilichonipeleka ni Seiko 5 Sports ya marehemu baba. Aliinunua Dubai enzi zake za ubaharia, akaivaa mpaka mkono ukakonda, cheni ikawa inateremka hadi karibu na kiwiko. Uso ni wa buluu, ile buluu yenye miale inayokimbia ukigeuza mkono. Siku unaweza kuzisoma kwa Kiingereza au kwa Kiarabu. Baba aliziweka kwa Kiarabu.

Tatizo ni doa. Liko kwenye nne, yaani pale tunaposoma saa kumi, ubavuni mwa kifungo, maana kifungo cha saa hii hakikuwekwa katikati, kimeshushwa hapo. Mpira wa kifungo ulikauka, unyevu wa pwani ukapenya. Doa lenyewe si kubwa, kama punje ya dengu, rangi yake chai ya mkandaa, na ukingoni vanishi imeinuka mfano wa utandu wa maziwa.

Dadangu alishatoa uamuzi na nusu ya pesa. Uso upakwe upya. Hoja yake haikuwa ya kijinga: baba alikuwa mtu wa pasi, hakutoka nyumbani na kanzu yenye mkunjo, basi kwa nini saa yake ivaliwe na doa? Sikuwa na jibu. Nilikuwa na woga tu, kwa sababu niliiona Omega ya shemeji.

Ile ilikuwa Seamaster ya miaka ya sitini, uso wa rangi ya fedha uliokuwa umepiga umanjano kidogo. Alipeleka duka moja mji mwingine, akaahidiwa uso mpya kabisa. Akapewa kweli. Ulirudi mweupe kama sahani ya udongo. Ukiutazama kwa mbali, maridadi. Ukiusogeza karibu unaona herufi ni nene, wino umelowa pembeni. Ile S ya Seamaster yenye mkia mrefu imekatwa mkia. Vistari vya dakika vimepigwa bila kufuata alama za chuma zilizopachikwa, kwa hivyo kwenye tatu kistari kimepanda, kwenye tisa kimeshuka. SWISS MADE, ambayo hukaa chini kabisa ukingoni, imepandishwa juu ikaelea. Mnunuzi aliyekuwa akiitaka aliitazama nusu dakika akairudisha. Shemeji hakurudishiwa hata senti.

Basi nikamwekea mzee Seiko mezani nikamwambia ninachotumwa. Akavaa lenzi yake jichoni, akaigeuza nyuma kwanza.

"Namba yaanza na tisini na nane. Tisa mwaka, nane mwezi. Agosti. Ya mwaka gani?"

Nikasema 1979, sikufikiri.

"Una hakika?"

Akaigeuza mbele, akanipa lenzi. Chini ya jina, kwa maandishi ambayo jicho langu lisingeyaona peke yake, imeandikwa WATER 70m PROOF. Seiko waliliacha neno PROOF mwanzoni mwa miaka ya sabini wakaweka RESIST. Kwa hivyo ni 1969. Muongo hauandikwi kwenye namba ya nyuma, mwanangu, akasema, huo umo usoni. Huyo mpaka rangi ataweka nini hapo? Ataweka alichokiona kwenye picha.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa nililolipia. Akachokora kopo, akatoa uso mbovu wa Seiko nyingine, wa kijivu. Akachovya kijiti cha pamba kwenye maji, maji tu ya chupa ya kunywa, akapitisha juu ya jina. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili pamba ikapata weusi. Mara ya tatu jina likahamia kwenye kijiti, uso ukabaki na kivuli chake. Maandishi, alisema, yamekaa na vanishi. Vanishi ikichoka, chochote unachokisugua unaondoka nacho. Ndiyo maana hao wanaosema "tutasafisha tu" wanaishia kupaka: wameshafuta.

"Rangi naweza kukutafutia mtu. Kuirudisha hii, hakuna mtu."

Akanikatalia elfu tatu yangu ya rangi. Akanitajia kazi nyingine: kuifungua mashine, ile ya namba 6119 yenye vito ishirini na kimoja (vijiwe vya kupunguza msuguano), kuiosha na kuitia mafuta, mpira mpya wa kifungo na wa mfuniko, kioo kipya. Jumla KSh 4,500. Usoni, kitu kimoja tu. Nilimsihi nikae nione, akanivumilia. Aling'oa akrabu moja moja akiwa ameukinga uso kwa karatasi ya plastiki iliyokatwa, akautoa uso akiushika kwa kingo, akaupulizia hewa kwa mpira wa mkononi. Halafu akachukua kitu laini cha kijani kama ulimbo akawa anagusa na kuinua, anagusa na kuinua, pale palipo na vumbi. Kwenye doa hakugusa. Alisema lile likiwa kavu na unyevu ukizibwa halitatembea.

Sisemi uso usipakwe kamwe, na hata yeye hasemi. Ukiwa umekwisha hadi hausomeki, na saa ni ya kuvaa gengeni, paka. Au tafuta uso wa asili wenye namba ileile ndogo iliyoandikwa chini, ubadilishe, na ule wa zamani uuhifadhi kwenye bahasha. Ila ujue unanunua nini: Seiko 5 nyingi zinazouzwa mtandaoni kutoka India zina nyuso za chungwa na kijani kibichi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. Bei nzuri, saa inatembea, lakini ni rangi ya juzi.

Kuna na uso wa aina ya tatu, usioguswa kabisa, ambao mimi sikuujua. Siku ya pili nilimpelekea saa ya Uswisi ya mjomba, kuukuu zaidi, namba zake zimepakwa ule unga wa kung'aa gizani uliogeuka kahawia. Chini imeandikwa SWISS peke yake. Mzee aliisogeza pembeni kwa ncha ya koleo. Saa za umri huo mara nyingi zilipakwa radiamu, yale madini yenye mionzi. Zilizokuja baadaye zikaandikwa herufi T chini kuonyesha ni tritiamu, nayo ya mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka kumi na miwili hivi. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Nikamwambia mbona haing'ai tena? Akasema kilichokufa ni unga, si radiamu. Kuukuna uso kama ule ni kulivuta vumbi lake puani. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akanirudishia bila kuifungua wala kunitoza. Hapo nilimwongezea heshima.

Sasa lawama. Aliniambia wiki tatu, zikawa saba. Simu hapokei. Risiti hana, anaandika kwenye daftari la shule, na lipo la mwaka jana chini ya la mwaka huu. Lakini kilichonikata ni kasha. Nilimwachia saa yenye mistari ya brashi kwenye mabega, pale mkanda unapoingia, na ukingo mkali ulioshika mwanga. Nikaikuta imepigwa msasa na mashine ya kung'arishia, mabega yamekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Sikumwagiza. Nilipomuuliza alishangaa kweli: "Si ilikuwa na mikwaruzo?" Mtu aliyenisomesha nusu saa juu ya vanishi! Kwa hivyo ukienda, sema mapema kasha lisiguswe, na useme tena siku ya pili. Ijumaa hafungui. Alipwa M-Pesa kwa simu ya mwanawe.

Saa yenyewe inapoteza sekunde kama kumi kwa siku, nami naridhika. Sikukuu ya Idi dadangu aliitaka aione. Kabla ya neno lolote alilowesha kidole, akasugua kioo pale saa kumi. Akatazama. Akasugua tena.

"Hili bado lipo?"

Nikamwambia lipo ndani.

"Na umelipa elfu nne mia tano?"