Mafunzo ya 5D ya Right To Be: yanamfaaje mhudumu wa Bagamoyo anayeona mgeni akibaguliwa?

Mlinzi wa geti anawapisha Wazungu wawili kwa tabasamu na "karibuni sana". Nyuma yao wanakuja mume na mke, Waafrika, wamevaa vizuri tu, na mlinzi huyohuyo anasogea katikati ya njia: "Mnamtafuta nani?" Wateja wa meza za karibu wamesikia. Mmoja anainamia simu. Mwingine anaanza kusoma upya menyu ambayo ameshaagizia chakula. Mhudumu mwenye trei ya juisi ya ukwaju anasita, anatupa jicho kaunta, kisha anaendelea na safari yake.

Anayefanya kazi kwenye hoteli na migahawa ya ufukweni Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi. Tukio hilo ndilo tulilotumia kupima mafunzo ya mtandaoni ya Right To Be, shirika la Marekani lililoanza mwaka 2005 kwa jina la Hollaback! na kubadili jina mwaka 2022. Mafunzo ni ya bure, huchukua kama saa moja, na yanamfundisha mtu aliyeshuhudia unyanyasaji afanye nini. Njia ni tano na kwa Kiingereza zote zinaanza na herufi D. Kwa Kiswahili tuziite kuchepusha, kukabidhi, kurekodi, kurudi baadaye na kusema wazi.

Kwanza mambo ya kuingia darasani, maana hapa wengi watakwama. Mafunzo ya moja kwa moja huendeshwa kwa Zoom, kwa kawaida kwa Kiingereza, na mengi hufuata saa za Marekani. Darasa la saa nane mchana New York linakuwa saa tatu usiku Bagamoyo wakati wa kiangazi chao, na saa nne usiku wakati wa baridi yao. Saa tatu usiku mhudumu yuko katikati ya oda za chakula cha jioni. Zoom ya video nayo inakula bando, MB mia kadhaa hadi zaidi ya GB 1 kwa saa. Kwa hiyo mmoja anayekielewa Kiingereza vizuri aingie siku yake ya mapumziko, aandike, kisha awafundishe wenzake kwa Kiswahili mchana kabla ya zamu. Kuwalazimisha wahudumu kumi wakae mbele ya simu kumi ni kupoteza bando na muda.

Maudhui yenyewe ni mazuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba hayakulazimishi uwe shujaa. Watu wengi hunyamaza kwa sababu wanadhani kuna mambo mawili tu, kugombana au kukaa kimya. Mafunzo yanafungua nafasi kubwa iliyo katikati.

Kwa nini watu huganda? Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio ambamo waliwaweka watu kwenye chumba kilichoanza kuingia moshi. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa wasijali, ni asilimia 10 tu waliotoka. Aliyepimwa aliwasoma wenzake usoni, akaona utulivu, akaamini hakuna neno. Ndivyo inavyokuwa pale getini: mhudumu anatazama kaunta, kaunta inamtazama mhudumu, na utulivu wa kila mmoja unamdanganya mwingine.

Kwa ubaguzi wa rangi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2009 Kerry Kawakami na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kanada kwa watu wasio weusi. Walioulizwa tu wangefanya nini wakisikia mtu akimtukana Mweusi, wengi walisema wangekasirika na wasingetaka kufanya kazi na mtukanaji. Waliolishuhudia tukio lenyewe hawakukasirika kiasi hicho, na zaidi ya nusu walimchagua mtukanaji huyo awe mwenzi wao wa kazi. Kwa hiyo mfanyakazi akikuambia kwenye kikao "mimi siwezi kunyamaza", usimhesabu bado.

Lakini watazamaji si watu wabaya. Kamera za barabarani za Lancaster, Amsterdam na Cape Town zilichambuliwa, migogoro 219, na katika tisa kati ya kila kumi kuna angalau mtu mmoja aliyeingia kusaidia. Tofauti ni kwamba ugomvi wa ngumi hauna utata. "Mnamtafuta nani?" ina utata, na mwenye kuisema anaweza kujitetea kwamba aliuliza tu.

Sasa njia zenyewe, zikipimwa pale getini.

Kuchepusha ndiyo bora kuliko zote kwa Bagamoyo. Mhudumu hamgusi mlinzi wala hamjibu. Anakwenda moja kwa moja kwa wageni: "Karibuni sana, meza ya kule karibu na maji ina upepo mzuri. Mnakunywa nini kwanza?" Sekunde tano, na swali la mlinzi limekufa. Kosa la kawaida ni kumchepusha mbaguzi badala ya mbaguliwa. Ukianza kumtania mlinzi, yeye ndiye anapata usikivu wako na wageni wanabaki wamesimama juani. Kosa la pili ni kuchelewa. Mgeni akishajieleza mara mbili, aibu imeshamwingia na karibu yako haiifuti.

Kukabidhi kunahitaji jina. "Mtu amwite meneja" haimwiti yeyote. Mtazame mmoja, mtaje: "Dada Asha, mwite meneja, mwambie kuna wageni wamezuiwa getini." Lazima ijulikane kabla ya zamu nani anaitwa, na nani kama huyo hayupo. Polisi, namba 112, ni kwa hatari ya kweli, na mafunzo yanasisitiza umuulize kwanza aliyeonewa kama anawataka. Ni sahihi. Mgeni aliyedhalilishwa hataki pia kumaliza siku yake akiandika maelezo kituoni.

Kurekodi ndiko kunakoharibika zaidi, kwa sababu kila mtu ana simu na kila mtu ana kundi la WhatsApp. Hakikisha kwanza kuna mtu anayemsaidia mhusika. Kama hakuna, weka simu mfukoni ukasaidie wewe. Simama mbali kidogo, chukua na bango au jengo linaloonyesha mahali, taja tarehe na saa kwa sauti. Video ni ya aliyeonewa, si yako. Mpe, ufute ukiombwa. Hapa mafunzo hayawezi kujua sheria za kwetu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza maudhui ya kibaguzi na matusi ya kibaguzi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayerusha kipande cha matusi ili "dunia ione" anaweza kujikuta anaulizwa yeye.

Kurudi baadaye kunafanana sana na desturi yetu, na Kiswahili kinatusaidia. Neno "pole" halimshtaki mtu wala halihitaji ushahidi. Linasema nimeona, na limenigusa. "Pole kwa lile la getini. Nimeliona. Mngependa nimwambie meneja, au tuliache?" Sentensi tatu zinatosha. Ukimaliza, nyamaza umsikilize. La kuepuka ni "achaneni naye" na "hakumaanisha vibaya". Yote mawili husemwa kwa wema, na yote mawili yanamwachia aliyeumia kazi ya kuvumilia. Kicheko ni kibaya zaidi. Watoto wakimfuata mgeni wa Kichina soko la samaki wakiigiza lugha yake, anachokumbuka ni watu wazima waliokuwa wakicheka.

Kusema wazi kuwe mwisho na kuwe kufupi. Tazama kwanza kama mtu amelewa, kama njia ya kutoka iko wazi, kama aliyeonewa anataka usemewe. Kisha mara moja tu: "Kaka, hawa ni wageni wetu kama wale waliopita." Kama ni mzee, anza na shikamoo yake; heshima haipunguzi uzito wa neno. Akibisha, usijibu. Geukia wageni.

Pengo kubwa la mafunzo haya ni kwamba mifano yake mingi inamwona mbaguzi kama mtu baki wa mtaani, wa kwenye treni au basi, ambaye hutamwona tena. Bagamoyo mbaguzi mara nyingi ni bosi wako, mteja anayelipa, au jirani mtakayekutana msikitini Ijumaa. Mhudumu anayeganda na trei yake hajakosa ujasiri. Anahesabu kodi ya chumba. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya bando, mwenye mgahawa aandike karatasi moja na kuisaini: mfanyakazi atakayemtetea mgeni kwa njia hizi hataadhibiwa, hata kama mteja mkubwa amekasirika. Bila karatasi hiyo mafunzo yatabaki kwenye daftari. Wenye mashaka wasome ibara ya 13 ya Katiba ya 1977, inayokataza ubaguzi na kutaja rangi, kabila na pahala mtu alipotoka.

Pengo la pili: saa moja ya kusikiliza haimfundishi mtu kutembea na trei kuelekea kwenye aibu. Mdomo na miguu vinahitaji mazoezi. Mji huu umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981, na waigizaji si wa kutafuta mbali. Chukueni watu kumi hadi kumi na mbili, matukio matatu, kila moja dakika mbili. Onyesho linachezwa mara ya kwanza hadi mwisho mbaya. Mara ya pili yeyote anapiga makofi, onyesho linasimama, anaingia nafasi ya mtazamaji na kujaribu njia yake. Ni jukwaa la aina aliyoianzisha Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili. Angalieni mawili: aliyewahi kubaguliwa asipangwe kucheza nafasi ya mbaguliwa, na mlinzi asichezwe kichekesho. Wakianza kucheka, wanafanya mazoezi ya kucheka.

Tukio la pili liwe la kiingilio, kama kwenye magofu ya Kaole, ambako raia na mgeni hulipa tofauti. Hapo kigezo ni uraia, si rangi. Mmarekani Mweusi akipitishwa kama mwenyeji na Mtanzania mwenye asili ya Kihindi akitozwa kama mgeni bila kuulizwa kitambulisho, macho ndiyo yaliyokata tiketi. Anayepanga foleni nyuma anaweza kusema "tuombeni vitambulisho wote, na mimi changu hiki hapa", akakitoa mwanzo.

Maudhui tunayapa nyota nne kati ya tano. Kufaa kwa mhudumu wa zamu, peke yake bila mazoezi na bila karatasi ya bosi, nyota mbili. Na kwa mlinzi wa geti, ambaye hakuna aliyemfikiria, dawa ni salamu moja kwa kila anayeingia: "Karibuni, mna meza au mnahitaji kutafutiwa?" Iandikwe, ibandikwe ndani ya kibanda chake usawa wa macho, na meneja asimame naye jioni ya kwanza aone kama Wazungu nao wanaulizwa.