Manesi wa wodi ya watoto wa ngozi na kinga: nilitaka kutoa nyota moja, someni wenyewe

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikipitiliza mahali mnivumilie. Ila nesi kuzamisha vidole ndani ya kopo la mafuta la mwanangu, akachota, akampaka kwenye mguu ambao ngozi imepasuka na inatoa maji, halafu VIDOLE VILEVILE vikarudi ndani ya kopo kuchota mengine, aisee hiyo sijui niiseme vipi kwa maneno ya heshima.

Glavu hana. Mikono hajanawa, ametoka kushika simu, tena simu yenyewe alikuwa ameibana kwa bega anaendelea na maongezi yake huku anapaka, na kucha ni zile ndefu za kubandika, unaona kabisa mafuta yamejaa chini ya kucha na yeye wala hana habari. Nikamwambia taratibu, dada samahani, kuna kijiko safi hapo juu ya kabati, huwa tunachotea kile. Hata hakugeuka. "Baba, haya ni mafuta tu, sio dawa." Kisha ndo akaniangalia, akauliza mama yake yuko wapi.

Mama yake yuko kazini! Mimi ndiye nimelala naye hapo, mimi ndiye nampaka asubuhi na usiku, mimi ndiye namshika mikono asijikune mpaka damu, sasa mama yake anaingiaje kwenye habari ya vidole vyako?

Kwa wasiojua, kijana wangu ana Wiskott-Aldrich. Ni ugonjwa wa kuzaliwa, unawapata karibu wavulana tu, na unakuja na vitu vitatu kwa mpigo: ukurutu (wengine mnaita pumu ya ngozi), kinga ya mwili dhaifu, na chembe sahani za damu kuwa chache na ndogondogo, kwa hiyo akigongwa kidogo anavilia na akitoka damu inachelewa kukata. Ngozi ya ukurutu ina nyufa, na kuna bakteria anaitwa stafilokokasi anapenda mno kukaa kwenye nyufa hizo. Mtoto mwenye kinga nzuri anaweza akatoka ukoko wa njano, akapewa antibayotiki, yakaisha. Wangu huyo mdudu akipenya kwenye damu tunaongea habari nyingine kabisa, ndiyo maana kwake homa yoyote ile ni kukimbia hospitali, hatusubiri kukuche. Sasa wewe ukitoa vidole kwenye kidonda ukavirudisha kwenye kopo umempanda bakteria mle ndani, na keshokutwa namchota mwenyewe kwa mikono yangu nampaka mtoto mwili mzima nikijua namtibu. Na mtoto wa hivi akipakwa inavyotakiwa anamaliza gramu 250 mpaka 500 kwa wiki, ngozi yake haina uwezo wa kushika maji wala kuzuia vijidudu bila hayo mafuta. Halafu unaniambia ni mafuta tu.

Lile kopo nililitupa palepale mbele yake, lilikuwa halijafika hata nusu.

Siku chache baadaye akatoka ukoko nyuma ya magoti, na joto likapanda. Siwezi kuapa kwamba ni kopo, maana ngozi yake siku zote inabeba hao bakteria hata akiwa mzima. Lakini na nyie msije mkaniambia sio kopo.

Nikaenda kwa mkuu wao wa wodi. Kanisikiliza, nakubali, hata kiti alinipa, ila jibu alilonipa ndo lilinimaliza: "Unajua baba, haya magonjwa mapya, manesi wetu wengi bado hawajayazoea." Mapya! Daktari Wiskott wa Ujerumani aliwaandika ndugu watatu wa familia moja wenye ugonjwa huuhuu mwaka 1937, Aldrich wa Marekani akaonyesha 1954 kwamba unarithiwa ndani ya ukoo, babu yangu alikuwa kijana. Na hata ungekuwa umegunduliwa juzi, kunawa mikono nako ni jambo jipya? Akanionyesha kisanduku cha maoni. Nilishaona hivyo visanduku, sijawahi kuona mtu anakifungua.

Sasa hapa ndipo nakwama, maana wodi hiyohiyo, kitanda hichohicho, usiku anaingia nesi mwingine ambaye kama wote wangekuwa hivyo ningewapa nyota kumi. Ni mama mtu mzima, hana maneno mengi. Kwanza anasoma faili, anasimama pale mlangoni anasoma kurasa zote. Usiku ule joto lilipopanda kuna daktari kijana aliandika sindano ya msulini, yule mama akamfuata korido kwa sauti ya chini kabisa, "daktari, huyu chembe sahani zake ziko chini, akichomwa msulini atavilia," wakabadilisha ikapita kwenye mshipa. Ya kushusha homa akampa parasetamoli. Nikamuuliza mbona sio ibuprofeni ambayo ndo iko kila mahali, akanieleza kwamba hiyo inazidi kuzifanya hizo chembe zisishikane, kwa mtoto wa hivi usithubutu.

Na dripu ya kingamwili, ile anayowekewa kila baada ya wiki tatu au nne, huyu mama anaitoa kwenye friji mapema ubaridi uishe, haitikisi chupa kwa sababu inatoa povu, anaanza taratibu sana, anapima joto, presha na mapigo kila dakika 15 mwanzoni, ndo anaongeza spidi kidogokidogo. Wengine waliwahi kuikimbiza ili wamalize zamu, mtoto akatetemeka na kichwa kikamuuma mpaka anatapika. Huyu akimaliza anabandua ile stika ya namba ya chupa anaibandika kwenye faili ili ikitokea shida ijulikane ilikuwa chupa ipi. Mpaka kupaka mafuta anapaka kwa kushusha, kufuata vinyweleo, hasugui, eti ukisugua juu chini unaziba vitundu vya vinyweleo vinatoka vipele. Alikuja na kijiko chake! Akamwambia mwanangu, haya bwana mkubwa, tuanze na mguu gani? Kijana akafikiria weee, akanyoosha wa kushoto. Hakulia. Huyu mtoto akiona kopo tu huwa analia.

Basi nikataka kupandisha ziwe nyota nne. Ila nikajiuliza, mwanangu anaumwa usiku peke yake? Mchana je? Na yule mama akienda likizo? Kwa hiyo mbili. Mbili zote ni zake yeye, wodi yenyewe haina hata moja, na nikikumbuka lile swali la mama yake yuko wapi natamani hata hizo mbili nimpelekee nyumbani kwake nisiziache pale.

Na bado tutarudi palepale, dripu inayofuata iko karibu na kingamwili anazowekewa zinapungua nusu ndani ya wiki tatu hivi, hazinisubiri nipoe. Mwenye mtoto wa aina hii apige simu kwanza aulize ni zamu ya nani. Akijibiwa kwa ukali, ajue ni ya mchana.