Miwani ya karatasi ya kuangalia jua likipatwa: nyota nne (uzoefu wangu, Indianapolis 2024)

Hii miwani ilikua inauzwa dola mbili tatu hivi, na maktaba nyingi huku Marekani ziligawa bure kabisa, ila mi foleni siziwezi nikaagiza paketi ya familia mtandaoni. Tarehe 8 Aprili 2024 tukawa Indianapolis, mji wote upo ndani ya ule ukanda ambao jua linafunikwa lote, sio robo tatu.

Kabla ya siku yenyewe nikaijaribu sebuleni. Miwani ya ukweli ukiivaa ndani huoni kitu, taa ya kawaida inapotea kabisa, ukianza kuona sofa na TV ujue umepigwa. Ndani imeandikwa ISO 12312-2, yaani kiwango cha kimataifa cha miwani ya kuangalia jua, lakini na feki nazo wanachapa hiyo hiyo namba kwahiyo angalia unanunua kwa nani. Jua ndani yake linatokea la rangi ya chungwa, duara safi, macho hayaumi. Nyota moja nimekata kwa sababu ya mikono yake, ni karatasi tupu, kwenye kichwa cha mtoto haikai, tukaifunga kwa nyuma na raba za nywele ndo ikatulia.

Jua lilianza kumegwa saa nane kasoro kumi mchana. Hii saa nzima ya kwanza inachosha aisee, beba vitafunwa. Mi nilibeba na chujio la tambi, ukilishika juani kila tundu linatupa chini kajua kadogo kalikomegwa vilevile, simenti yote ikajaa, watoto wakasahau miwani wakawa wanavikanyaga.

Halafu saa tisa na dakika sita likazimwa. HAPA MIWANI UNAVUA, hakuna aliyekua ananisisitizia hili vya kutosha kwahiyo nawasisitizia nyie, ukibaki nayo utaona weusi tu. Jirani yetu pale parking, mzee mmoja Mkongo, aligoma kuvua, mkewe anamwambia "Papa, toa! toa!" mpaka akamvua yeye, mzee akaangalia juu akaanza kucheka peke yake. Nilimwelewa. Katikati shimo jeusi tii, pembeni mwanga mweupe umechanuka kama nywele za mvi, na chini kabisa kuna kidoa chekundu cha pinki kinaonekana kwa macho makavu, baadae nikasoma ni gesi ya jua yenyewe imeruka juu. Sayari ya Zuhura iko kulia, ya Mshtarii kushoto, taa za parking zimejiwasha, kabaridi kakaingia, watu wanapiga kelele kama goli limeingia dakika za nyongeza. Dakika tatu na sekunde arobaini na kitu, basi. Jua likichungulia tu unavaa tena, usijadiliane nalo.

Mtu atasema mbona hata Rujewa, Tanzania, tuliona. Kweli, nilikuwepo kule Mbarali Septemba 1 2016 na ilipendeza sana, ila ile ilikua ya kipete, mwezi ulikua mbali kidogo na dunia ukashindwa kuziba jua lote, kikabaki kipete cha moto na miwani huvui hata sekunde moja. Hii ya 2024 mwezi ulikua karibu, ukaziba lote. Ndo maana ukiambiwa mji wako unapata asilimia 99 usiridhike, washa gari usogee, hiyo moja iliyobaki ndo inakunyima giza.

Picha achana nazo, simu yangu imetoa kitone cheupe tu.

Miwani yetu nimeitunza kwenye bahasha ngumu, ikikwaruzika au kutoboka naitupa. Inayofuata kubwa ni Agosti 2, 2027, Luxor kule Misri giza linazidi dakika sita, na ndugu zetu mlioko Jeddah na Makka nyie wala hamna safari, mnapanda tu juu ya paa.