Merikebu, mbuzi wa tairi na dirhamu: siku zangu nne Stockholm

Nianze na lililoniuma, nitue. Kabla sijaondoka Unguja nilinunua kwenye intaneti tiketi ya jumla ya siku mbili, zile za kuingia majumba ya makumbusho chungu nzima kwa bei moja. Aliyeniuzia simtaji. Nilipofika kwa kaka yangu tukapiga hesabu mezani, tukaona kwamba ili pesa yangu irudi ingebidi nikimbie kutoka jumba hadi jumba tangu asubuhi mpaka milango ifungwe, kama mtu anayefukuzia daladala ya mwisho. Binti wa kaka, miaka tisa, akanimalizia: "Shangazi, mimi naingia bure." Kweli. Vasa, jumba la merikebu ya kale, kwa mfano, mtoto halipi hadi afikishe miaka 19.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: lipa jumba moja moja. Kiingilio cha mtu mzima pale Vasa hushuka kidogo nje ya kiangazi. Noti usihangaike nazo, mji ule unaishi kwa kadi. Na Jumatatu majumba mengi hufungwa, ndiyo maana siku hiyo tuliiweka kwa Vasa, ambayo huwa wazi wiki nzima. Tulipanda kivuko pale Slussen kwenda kisiwa cha Djurgården, kwa tiketi ile ile ya basi na treni. Safari ni fupi mno, lakini kwa mtu aliyekulia visiwani, kuingia mahali kwa njia ya maji ni kuingia kwa heshima.

Sasa Vasa. Mie ni mjukuu wa fundi wa majahazi wa Nungwi, kwa hiyo nilikwenda nimekunja uso, nikijiambia nimeziona mbao za kutosha. Ukipita mlango unakuta giza, halafu giza lile linageuka kuwa ubavu wa chombo. Mita 69 kutoka mwanzo hadi mwisho, imesimama nzima ndani ya nyumba, na sehemu kubwa kabisa ya mbao zake ni zile zile za mwaka 1628. Shetri yake, yaani sehemu ya nyuma, imejaa nakshi: simba, wafalme, malaika, watu wanaokenua meno. Nilikaa pale chini nikimtafuta fundi aliyechonga yote yale kwa patasi, nikamfikiria babu na mlango mmoja wa mninga uliomchukua miezi.

Kisha ukisoma habari yake unataka kucheka na kulia kwa pamoja. Merikebu ya mfalme Gustav II Adolf, mizinga 64, imeng'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628 mbele ya macho ya mji mzima. Ikaenda kama mita 1300 tu. Upepo ukaisukuma, ikalala upande, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama na watu wapatao 30 wakafa. Tatizo lake fundi yeyote wa pwani angelisema kwa neno moja: farumi, ule uzito wa chini unaozuia chombo kisipinduke. Mawe yalikuwemo, tani nyingi tu, lakini juu kumejengwa kuzito na tumbo ni jembamba, na hata ungetaka kuongeza mawe, madirisha ya chini yangegusa maji. Kinachouma zaidi ni kwamba walijua. Kabla ya safari waliwaamuru wanaume 30 wakimbie ubavu hadi ubavu juu ya sitaha kuijaribu. Ikayumba hadi wakasimamishwa, isije ikapinduka pale pale gatini. Bado ikatoka. Mfalme alikuwa mbali vitani na alikuwa na haraka. Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Lilifanyika baraza la kuulizana, na mwisho wake hakuadhibiwa mtu. Hapo nilihisi niko nyumbani.

Imekaa chini miaka 333 ikatolewa Aprili 1961. Mimi swali langu lilikuwa moja: mbona haikuliwa? Kwetu chombo kikikaa majini bila kupakwa deheni na sifa (yale mafuta ya papa), wadudu wa baharini wanakitoboa kikawa kama sega la nyuki. Jibu lipo pale: maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno, na mdudu yule hawezi kuishi humo. Baada ya kuitoa waliinyunyizia dawa inayoingia kwenye mbao badala ya maji, miaka 17 mfululizo, ili isikauke ikajikunja. Na kazi haijaisha, kwa sababu chuma cha ndani kinaoza na kutia mbao asidi. Wamebadilisha zaidi ya misumari mikubwa 5,000 kwa mingine ya chuma kisichoshika kutu.

Niliposoma hilo la misumari nikakumbuka mtepe, chombo cha wazee wetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mfano wake ulikuwa umesimama katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, jumba letu la makumbusho pale Forodhani, Unguja, kabla jengo lile halijaporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020. Nilisimama mbele ya vipimo vya joto na unyevu vya Vasa, nimejifunga mtandio hadi masikioni maana ndani huwa nyuzi 18 hadi 20 tu kwa ajili ya mbao, nikawaonea wivu. Chombo cha watu kilichoshindwa safari ya kwanza kimetunzwa namna hii. (Chukueni sweta, hata Julai.)

Nationalmuseum, jumba la sanaa, tulikwenda Jumanne. Jengo la mwaka 1866, lilifungwa miaka mitano kwa ukarabati likafunguliwa tena 2018, na kweli linang'aa. Madirisha yametolewa vizuizi na mwanga wa majini unaingia hadi kwenye kuta za rangi. Nina ukweli wangu: picha za mafuta za wakubwa waliovaa nywele za bandia hunichosha baada ya chumba cha tatu. Lakini nenda ngazi kuu ukaone "Midvinterblot" ya Carl Larsson, mchoro mkubwa ajabu wa mfalme wa hadithi anayekwenda kuchinjwa kwa ajili ya mavuno. Aliwachorea wenye jumba hili, wakaukataa, ukauzwa, ukafika mikononi mwa Mjapani, na mwaka 1997 wakaununua. Halafu kuna hadithi ya Desemba 2000: wezi wenye silaha waliingia jioni, magari yakachomwa moto kwingine ili polisi wapotee, wakachukua picha mbili za Renoir na moja ya Rembrandt wakakimbia kwa boti. Zote zilirudi. Binti wa kaka alitaka kuoneshwa boti ilifungwa wapi, na picha zenyewe hakuzitazama tena.

Pale pale karibu, ukivuka daraja kwenda Skeppsholmen, kuna Moderna Museet, jumba la sanaa ya kisasa. Humo yumo mbuzi wa Robert Rauschenberg, mbuzi halisi wa manyoya marefu aliyekaushwa, amevishwa tairi la gari kiunoni na kupakwa rangi usoni. Kaka yangu, mtu wa uhasibu, aliuliza kwa sauti kama ni wa akika. Sikuielewa kazi ile na sijifanyi nimeielewa. Lakini mpaka leo nikimwona mbuzi pale Darajani namtafutia tairi, kwa hiyo labda imefanya kazi yake. Chakula cha mchana tulikula katika mgahawa wa jumba mojawapo, nisilolitaja, supu na mkate kwa bei ambayo nyumbani ningekula na jirani zangu wiki. Bebeni andazi.

Jumatano ndiyo iliyonifanya niandike. Historiska museet, jumba la historia, halina foleni ya Vasa, watalii wa meli hawalijui sana. Chini kuna chumba cha dhahabu, kizito kama benki, karibu kilo 50 za dhahabu na zaidi ya kilo 200 za fedha. Kuna pia sanamu ndogo ya Buddha ya shaba, haifiki sentimita tisa, iliyotengenezwa upande wa India karne ya 6 na kufukuliwa kisiwani Helgö, karibu na Stockholm, katika miaka ya 1950. Mahali hapo hapo walikuta upawa kutoka Misri na kichwa cha bakora ya askofu kutoka Ireland. Nani aliyebeba vitu vile, na aliviweka sebuleni kwake vipi, nilibaki nikiwaza.

Kisha tukafika kwenye sarafu. Fedha nyembamba, pana kama kijaluba kidogo, nyingine zimekatwa nusu na robo. "Shangazi, haya si maandishi yetu?" Nikainama. Hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, haina nukta, si ile niliyofundishwa chuo cha Kurani. Nilihangaika kama mtoto wa juzuu ya kwanza, kidole kwenye kioo, mpaka mstari wa katikati ukafunguka: la ilaha illa Allah. Ukingoni bismillahi, na kwamba dirhamu hii imepigwa mji fulani. Dirhamu za Baghdad, za Samarkand, zimezikwa katika udongo wa Sweden miaka elfu na zaidi iliyopita.

"Kwa hiyo Waviking walikuwa Waislamu?"

"Hapana mwanangu. Walipenda fedha."

Walishuka mito ya mashariki kuuza manyoya na watu, wakalipwa dirhamu, na hawakuzihesabu. Walizipima kwa mizani, ndiyo maana wanazikata. Aliyeuzwa kwa kipande kile cha robo hayumo ndani ya kioo. Ninatoka mji wenye soko la aina hiyo chini ya kanisa la Mkunazini, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Mtoto alitaka nimsomee kila sarafu, na mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa nyuma yetu akasogea akanisahihisha mara mbili. Alikuwa anasoma vizuri kuliko mie. Tukakaa watatu pale hadi mlinzi akaja kutuambia kwa upole kwamba wanafunga.

Siku ya nne nilikuwa nimepanga Skansen, makumbusho ya wazi kule Djurgården, na kaka alishaangalia saa za tramu. Tulirudi kwenye sarafu.